Kidole cha Sita, Mkono wa Kushoto

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza kusoma The Chrysalids ya John Wyndham na imeninyima usingizi. Dunia imeangamia, watu wamenusurika wachache, ungetarajia wathaminiane. Badala yake wanawinda watoto wao wenyewe kwa sababu ya kidole. Kwa nini waandishi wa riwaya za baada ya maangamizi hulirudia jambo hili? Wanaichukia dini tu, au kuna ukweli ndani yake? Na wale waokoaji wanaokuja mwishoni, mbona nao wananitia shaka? Nauliza kwa sababu nami naandika. Hadithi yangu ni ya kijiji kimoja, miaka mia baada ya dunia kuungua, ambako watoto wanaotumia mkono wa kushoto hufukuzwa. Waliokwisha kuisoma wanasema kiongozi wa kijiji anachekesha kuliko anavyotisha. Nimekuambatishia sura tatu za mwanzo.

Jibu: Marahaba. Sura zako nimezisoma, na nitazirudia mwishoni. Kwanza nilishike neno lako moja: wamenusurika. Hapo ndipo mguu unapoteleza, si wako tu.

Watu wa Waknuk, kile kijiji cha Wyndham huko Labrador, Kanada, hawakunusurika chochote. Walizaliwa vizazi na vizazi baada ya ile wanayoiita Dhiki Kuu. Hakuna aliyeiona. Hakuna anayejua ilikuwa moto wa namna gani wala ni nani aliyeuwasha. Sisi wasomaji tunabahatisha kuwa ni mabomu ya nyuklia, kwa sababu mabaharia husimulia pwani nyeusi zisizoota kitu, ambazo usiku huonekana kama zinawaka kwa mbali. Wao wanachojua ni kile walichofundishwa, basi.

Tofauti hiyo ndiyo riwaya yenyewe. Wanaochunguza majanga (Marekani walianzisha kituo kizima cha kazi hiyo mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Ohio State) wamekuwa wakikuta jambo ambalo filamu hazilipendi: saa na siku za kwanza baada ya tetemeko au mafuriko, watu wengi husaidiana. Hufukua vifusi kwa mikono, hugawana maji, humbeba mtu wasiyemjua. Kwa hiyo mwandishi anayewafanya majirani wararuane asubuhi ya pili amejifunza kwa filamu. Wyndham hakufanya hivyo. Wabaya wake wana chakula cha kutosha, wana mashamba na uzio, na Jumapili wanasali. Wanawinda watu wakiwa wameshiba.

Hata hivyo kuna nyakati ambapo damu humwagika mapema, na nyakati hizo zinafundisha. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko liliipiga Tokyo na Yokohama, moto ukafuata, na waliokufa walizidi 100,000. Kabla ya majivu kupoa, uvumi ulikuwa umeenea kwamba Wakorea wanatia sumu visimani na kuchoma nyumba. Wanaume wa mitaani wakajipanga njiani wakiwa na marungu na mapanga. Mpita njia alisimamishwa na kuambiwa atamke kwa Kijapani "yen kumi na tano na sen hamsini", jū-go-en go-jissen, kwa kuwa sauti hizo humtoa kijasho mwenye ulimi wa Kikorea. Aliyekosea aliuawa. Walikufa maelfu, na miongoni mwao wamo Wachina, na Wajapani wenye lafudhi za mikoa ya mbali.

Rudi nyuma zaidi. Tauni ilipokuwa ikitambaa Ulaya, Wayahudi walisingiziwa kwamba ndio wanaotia sumu visimani. Papa Clement wa Sita alitoa tamko mwaka 1348 akieleza jambo ambalo hata mtoto angeliona: Wayahudi nao wanakufa kwa tauni ileile. Haikusaidia. Tarehe 14 Februari 1349 mji wa Strasbourg uliwachoma Wayahudi wake kwa mamia, na tauni ilikuwa bado haijaufikia mji huo. Tarehe hiyo huwa nairudia kila ninapofundisha riwaya hizi. Adhabu iliutangulia ugonjwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hili. Janga lenyewe halizai uwindaji. Kinachouzaa ni maelezo ya janga. Watu walioumizwa huuliza "kwa nini sisi?", na yule anayewahi kulijibu swali hilo, hata kwa uongo, hukabidhiwa funguo za mji. Kutovumiliana katika riwaya nzuri za aina hii huanza na kisa kinachosimuliwa vizuri. Chuki huja baadaye, tena ikiwa imevaa nguo ya wajibu.

Maelezo ya Waknuk ni haya: Mungu aliwaadhibu wa kale kwa kiburi chao, na dunia itasamehewa pale kila kiumbe kitakaporudia umbo lake halisi. Basi kila kasoro, iwe kwenye shayiri, kwa ndama au kwa mtoto, inauchelewesha msamaha wa wote. Ukiikubali sentensi hiyo ya kwanza, yanayofuata ni hesabu tu. Joseph Strorm, baba wa msimulizi, anapolichoma shamba lenye mimea iliyokengeuka huku familia ikiimba, hajioni kuwa katili. Anajiona kama mtu anayeziba tundu la mtumbwi ambao sote tumo ndani yake.

Sasa mtazame mwandishi anavyotuingiza humo. David, akiwa mtoto, anacheza na msichana aitwaye Sophie. Mguu wa Sophie unanasa kati ya mawe, na David anataka kuufungua mkanda wa kiatu. Msichana anakataa, analia, mwishowe hana budi. Mguu unatoka una vidole sita. Na David haoni kitu! Anaona mguu wa rafiki yake ulioumia. Tangu angali mdogo amekariri maelezo ya umbo la binadamu, miguu miwili, kila mmoja na vidole vitano, lakini maneno ya kanisani na mguu wa Sophie havijawahi kukutana kichwani mwake. Vinakutana baadaye, na hapo ndipo hofu inapoanza.

Tukio linalofuata ndilo ningependa ulisome tena kabla hujagusa kalamu. David ameingiwa na kibanzi mkononi. Jikoni watu wana shughuli, mama hana muda naye, na mtoto anahangaika kujifunga kitambaa kwa mkono mmoja. Kwa kukereka anasema kwamba angeliweza peke yake kama angekuwa na mkono mwingine. Chumba kizima kinanyamaza. Baba anamtaka ayarudie maneno yake. Kumbe mtoto ametamani umbo ambalo Mungu hakumpa! Anaamriwa kupiga magoti, na wote wanapiga magoti wakiomba asamehewe. Usiku anaota baba yake akimchinja Sophie kama wanavyochinjwa ndama wenye kasoro.

Hakuna askari mle jikoni, wala mwindaji. Kuna kibanzi, kitambaa, na ukimya wa watu wazima. Ukimya huo ndio kufuata mkumbo kwenyewe. Mtoto hakuambiwa "usifikiri". Aliona tu nyuso zikibadilika, na tangu siku hiyo atayapima maneno yake kabla ya kuyatoa. Katuni huanza pale mwandishi anapodhani mkumbo unahitaji kiboko kila mara. Kiboko ni cha wachache. Wengine wote hutoshwa na kimya cha mezani.

Halafu Shangazi Harriet anakuja na kichanga chake. Kina alama ndogo, na ni mtoto wake wa tatu kuwa hivyo. Wawili wa kwanza wamekwisha kuchukuliwa. Anamwomba dada yake, mama yake David, amwazime kichanga chake mwenyewe aliyezaliwa karibuni, ili mkaguzi wa serikali amwone huyo na kuandika cheti kwamba mtoto hana kasoro. Ombi la muda mfupi tu. Dada anakataa, tena kwa hasira ya mtu aliyetukanwa. Joseph anaingia na kumfukuza. Baadaye Harriet anakutwa mtoni, amekufa.

Ninavyosoma mimi, dada ndiye mhusika wa kutisha kuliko wote katika kitabu kile, kumpita Joseph. Joseph anaamini. Huyu mama tunamwona kwa karibu dakika moja tu, na katika dakika hiyo anatetea kitu kimoja: cheti cha mtoto wake kisitiliwe shaka. Wahenga walisema kufa kwa wengi harusi, na kwa kawaida methali hiyo hututia moyo. Waknuk inaonyesha upande wake wa pili. Harusi hiyo ina orodha ya wageni, na kila mmoja anahangaika jina lake lisifutwe.

Jambo moja dogo wengi hulipita. Sheria ya usafi inajua kupiga chenga. Serikali imewaidhinisha farasi wakubwa kupita kiasi, ingawa Joseph anawaona kuwa ni machukizo, kwa sababu farasi wale hufanya kazi nyingi kwa lishe wanayokula. Na paka wa jirani asiye na mkia, ambaye Joseph alimuua kwa haraka ya imani, ikaja kubainika kisheria kwamba ni paka halali, na Joseph akalazimika kuomba radhi hadharani. Nilicheka nilipolisoma hilo mara ya kwanza. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu nililinganisha: paka ana rufaa, farasi ana soko, Sophie hana kitu.

Umeuliza kama ni chuki ya dini. Hapana, au si mara zote, na hapa sitakawia. Walter Miller, ambaye katika vita vya pili vya dunia alikuwa ndani ya ndege zilizoipiga abasia ya Monte Cassino, makao ya watawa huko Italia, mwaka 1944, aliandika A Canticle for Leibowitz, ambamo watawa ndio wanaoficha vitabu, na umati usiotaka elimu ndio unaochoma vitabu pamoja na wasomi. Umati huo unajiita wajinga kwa fahari. Leigh Brackett, katika The Long Tomorrow ya mwaka 1955, ana imani kali pia, lakini kamba inayowafunga watu ni kifungu cha katiba ya Marekani: hakuna mji kuzidi watu 1,000 au majengo 200 kwa maili ya mraba, kwa kuwa miji ndiyo iliyovutia mabomu. Octavia Butler, katika riwaya zake mbili za mwaka 1993 na 1998, ameweka rais anayetawala kwa jina la dini, na akamweka dhidi yake msichana anayeanzisha dini yake mwenyewe. Dini ipo pande zote mbili. Anayewindwa kila mahali ni yule anayeuliza kama yale maelezo ya mwanzo ni ya kweli.

Kuhusu Wyndham kuna jambo la ziada. Kitabu chake kilitoka mwaka 1955, miaka kumi tu tangu vita kwisha. Jimbo la Indiana lilikuwa limepitisha sheria ya kuwahasi watu "wasiofaa" tangu 1907. Mahakama ya Juu ya Marekani ilibariki sheria ya namna hiyo mwaka 1927, na Ujerumani ya Hitler ikapitisha ya kwake 1933. Waknuk nayo huwahasi wenye kasoro kabla ya kuwatupa Pembezoni, ile nyika ya waliofukuzwa, na Sophie mkubwa, tunayekutana naye tena huko, hawezi kuzaa kwa sababu hiyo. Msomaji wa mwaka 1955 hakuhitaji kuelezwa maana ya "usafi wa uzao". Alikuwa ameiona kwenye magazeti.

Tena usidhani mkumbo ni kazi ya wenye nguvu peke yao. Nnedi Okorafor, katika Who Fears Death ya mwaka 2010, iliyowekwa Sudan ya siku zijazo, ameandika juu ya Kitabu Kikuu kinachosema Waokeke walimkasirisha mungu kwa uvumbuzi wao, na ndiyo maana Wanuru waliletwa wawatawale. Kwa mara nyingine ni maelezo ya janga. Kinachouma ni kwamba Waokeke wengi wanakiamini. Wanauawa na kitabu, na wanakifundisha kwa watoto wao. Msichana Onyesonwu, ambaye pande zote mbili zinamwona najisi kwa damu yake ya mchanganyiko, safari yake yote inaelekea kwenye kuliandika upya lile andiko. Mwindaji kumshinda kwa upanga hakutoshi kama kile kisa kimebaki vilevile.

Sasa waokoaji. Shaka yako ni halali, na nakushauri uishike. Mwanamke anakuja na chombo kirukacho kutoka nchi ya mbali ambako watu husikilizana kwa fikra bila kufungua mdomo, kama David na wenzake. Anaachia nyuzi zinazonata, zinazokaza kadiri unavyojitikisa, na wote waliokuwa wakipigana pale chini wanakufa: watu wa Waknuk, watu wa Pembezoni, na farasi. Kisha anatoa hotuba ya utulivu kwamba aina ya zamani ya binadamu imepitwa na wakati, na aina mpya haina sababu ya kuomboleza. Kwa kifupi, ana maelezo. Badilisha maneno mawili matatu, hotuba ile Joseph Strorm angeweza kuitoa akiwa kwenye kiti chake.

Je, Wyndham alilijua hilo? Wasomaji wamebishana tangu zamani. Wapo wanaosema alikunjua tu hitimisho la haraka, na wapo wanaosema alitutega. Mimi naelemea upande wa mtego, ingawa sina uhakika kwamba aliutega vizuri. Ushahidi wangu ni Mjomba Axel, baharia mstaafu, ambaye mapema kabisa anamwambia David kwamba huko kusini kuna jamii za kila umbo, na kila moja inaamini kuwa yenyewe ndiyo sura halisi ya Mungu na wengine wote ndio waliokengeuka. Nyani haoni kundule. Mwandishi aliyetupa ile safari ya Axel hawezi kuwa hakumsikia vizuri yule mwanamke wa chombo. Udhaifu ninaouona ni kwamba David, aliyefundishwa na Axel kuuliza, hapo haulizi swali hata moja. Ameokolewa, basi. Pengine huo nao ni ukweli, kwa kuwa aliyeokolewa hana haraka ya kumkagua mwokozi. Lakini ningetamani angalau ashituke. Angalia pia kwamba chombo kimekuja kwa ajili ya Petra, mdogo wake David, kwa sababu uwezo wake wa kusikilizana kwa fikra ni mkubwa mno. Rachel, mwenzao mwenye uwezo wa kawaida, anabaki nyuma kwa kuwa chombo hakina akiba ya mafuta ya kumrudia, na Michael, mwenzao mwingine, ndiye anayeamua kubaki naye.

Kwa Brackett shaka hiyo imewekwa wazi zaidi. Kijana anaukimbia ule ulimwengu wa katazo, anaufikia mji wa siri wa maarifa, na anagundua kwamba humo nako mtu haruhusiwi kuondoka.

Haya, kijiji chako. Kiongozi wako anachekesha kwa sababu anachukia mkono wa kushoto bila kisa. Amezaliwa mbaya, anacheka usiku, anapiga meza. Mpe kisa, tena kiwe kizuri kiasi kwamba hata wewe ukikisimulia jioni utajikuta unakiamini nusu. Mathalani kijijini wanasema kitufe kilichoichoma dunia kilibonyezwa na mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umeshika simu ya mtu aliyekuwa akiomba kisibonyezwe. Hapo umepata dhambi, umepata kiungo cha mwili, na umepata sababu ya bibi mwenye huruma kuogopa mtoto anapookota kijiko vibaya. Kiongozi wako hatahitaji kupiga meza tena. Anaweza hata kuwa mpole, mtu anayelia kweli anapomfukuza mtoto, na awe amewahi kumtoa wa kwake.

Amua pia ni wapi sheria yenu inapiga chenga. Kuna fundi gani wa mkono wa kushoto ambaye kijiji kinamhitaji kiasi kwamba wote wamekubaliana kutomtazama akiwa kazini?

Na ile sura ya tatu, ambapo umati unamfukuza mtoto kwa mawe, ningeiondoa. Inafika mapema, na inawapa wasomaji wako mahali pa kusimama kwa usalama, upande wa mtoto, wakiwa na mawe mikononi mwa watu wengine. Badala yake kuna mstari mmoja katika sura ya pili ambao umeupita mbio, wala sidhani ulijua ulichoandika: mama anamfunga mtoto wake mkono wa kushoto kwa kitambaa kila usiku kabla ya kulala. Kaa hapo. Ni kitambaa gani, na kilikuwa nguo ya nani? Anafunga fundo la namna gani ili kisiache alama ya kuonekana asubuhi? Mtoto anauliza nini usiku wa kwanza, na kwa nini usiku wa kumi amekwisha kujizoeza kuunyoosha mkono mwenyewe ufungwe? Baba amelala kweli, au amegeukia ukutani? Ukiimaliza sura hiyo niletee, hata kama kiongozi wa kijiji hajatokea humo kabisa.